Kuwasha Tena Mizinga ya Kambove

Jumamosi, 8 Novemba

Bado haiwaki. Nimefunga farmasi mapema, nimevua koti jeupe, nimekaa mezani mbele ya kile kidubwana. Kompyuta yenyewe ni ndogo kuliko boksi la dawa ya malaria. Taa nyekundu inawaka, skrini inakuwa nyeusi, yanatokea maandishi meupe, basi. Mchezo hakuna.

Disketi za Papa, baba yangu, zilikuwa nyumbani Kambove chini ya kitanda cha Mama, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mbili zimeota ukungu. Ya tatu ina mwandiko wa Papa juu: JEUX, yaani michezo. Kisomea disketi nimekitafuta mjini mpaka wauza simu wakaanza kunicheka. Wengine hawajawahi kuona disketi. Nimekipata kwa mzee mmoja anayeuza vipuri. Kinakwaruza kama panya darini, lakini kimesoma. Faili zote nimezihamishia kwenye kompyuta ndogo. CANON, mchezo wenyewe, imo. Sisi nyumbani tuliuita Mizinga.

Floribert, mume wangu, amepita na sahani yake ya bukari, yaani ugali, akaniuliza kama nimehamia kwenye meza. Nina kazi.

Kazi yangu ni moja. Tarehe kumi na tatu Desemba ni misa ya kumaliza mwaka tangu Papa afariki. Familia yote itakuja hapa kwangu, mtaa wa Annexe. Binamu yangu Donat atatoka Kilwa, kule ziwani. Atacheza Mizinga nami mbele ya watu wote, na nitampiga mpaka ulimi umkauke.

Jumapili, 9 Novemba

Niandike vizuri, ili siku nikilegea nisome tena.

Donat ni mtoto wa kaka yake Papa. Baba yake alipokufa, Papa alimleta kwetu Kambove. Akalala na kaka zangu, akala sahani yetu. Ni yaya wangu, yaani kaka mkubwa, amenizidi miaka michache. Papa alikuwa ofisini kwenye mgodi. Ofisi ilipopata mashine mpya, yeye akapewa moja ya zamani. Akaileta nyumbani imefungwa kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Ndani yake Mizinga: vilima viwili, kila mchezaji na mzinga wake juu ya kilima. Unaandika pembe, unaandika nguvu, kombora linaruka. Donat alinipiga kila siku. Sawa, alikuwa mkubwa. Upande wangu wa skrini ulibaki sifuri, akaniita Zéro.

Halafu nikajifunza. Tukaanza kugombana, tukapigana hata. Papa akachoka, akasema atakayeshinda mchana ule mashine iwe yake, kelele ziishe. Nilikuwa nimemtangulia Donat. Kombora langu la mwisho lilikuwa hewani. Skrini ikazimika. Donat akasema umeme umekwenda: "Courant imekatika."

Plagi ilikuwa ukutani, nyuma ya kiti chake. Na frigo, jokofu la jikoni, ilikuwa bado inanguruma. Niliisikia kwa masikio yangu. Nikapiga kelele kwamba frigo inanguruma. Papa akasema mtu akishindwa akubali. Mashine ikawa ya Donat. Mimi nikabaki na jina.

Zéro kwenye komunyo yangu. Zéro kwenye harusi yangu, tena kwa kipaza sauti. Watoto wa kaka zangu wananiita Tantine Zéro na hawajui hata limetoka wapi. Nikifungua mdomo kwenye kikao cha familia, lazima mmoja aseme: "Zéro amesema." Kicheko. Neno langu limekufa hapo hapo. Mimi, ninayeuza dawa kwa nusu ya mtaa huu, ambaye daktari ananipigia simu kuniuliza.

Na mwaka jana, matanga ya Papa. Kwenye matanga kuna watu wenye haki ya kutania wafiwa. Ni desturi, tunawajua ni nani. Donat si mmoja wao. Yeye ni mtoto wa nyumba, kazi yake ilikuwa kulia. Akasimama mbele ya sanduku akasimulia habari ya Zéro na courant, na Papa alivyoniambia nikubali. Watu wakacheka. Sanduku la Papa liko pale, na watu wanacheka.

Nilikula yamini siku ile.

Jumatano, 12 Novemba

Kibodi hii inadhani iko Amerika. Nabonyeza A, inaandika Q. Naandika CANON, yenyewe inaandika CQNON, halafu inaniambia haijui kitu kama hicho. Hata mimi sikijui. Nukta mbili nimezitafuta kibodi nzima mpaka nikataka kuitupa nje kwenye mahindi. Zilikuwa zimejificha kwenye M. Kwenye mtandao nimemkuta Mfaransa mmoja analia kilio kilekile, na chini yake amejibiwa amri moja fupi ya kuiambia mashine kwamba watu hawa wanaandika kwa kibodi ya Kifaransa. Nikaiandika. Ikatii.

Mchezo umefunguka.

Vilima ni vya kijani. Sikuvitambua mwanzoni. Kwetu vilikuwa vya rangi ya machungwa, kila kitu kilikuwa cha rangi ya machungwa, kwa sababu skrini ya Papa ilikuwa na rangi hiyo moja tu. Kumbe tangu zamani vilikuwa na majani.

Jumapili, 16 Novemba

Tatizo jipya. Kombora linatoka na kutua kabla jicho halijaliona. Unabonyeza, umekufa. Kidubwana hiki kina mbio kupita mashine ya Papa mara sijui ngapi. Siwezi kumshinda Donat kwenye mchezo kama huu, atasema ni mashine ndiyo imenishindia. Namjua. Ni lazima uwe Mizinga uleule, mwendo uleule, asipate pa kuponea.

Kuna namba ya kupunguza mwendo. Nimepunguza, bado. Nimepunguza sana, kombora likatambaa kama konokono. Nimetumia mchana wote baada ya misa, napandisha, nashusha. Mwishowe nikaacha kutazama. Nikafumba macho, nikasikiliza. Kombora la Kambove lilikuwa na mluzi unaoshuka polepole, halafu mlio mfupi likigonga. Nikatafuta mluzi ule kwa masikio.

Nilipoupata, niliinamisha kichwa juu ya kibodi. Floribert akadhani nalia, akaniletea maji. Haikuwa kulia. Ilikuwa hasira, imekaa ndani miaka yote hiyo haijachacha hata kidogo.

Alhamisi, 20 Novemba

Nacheza kila siku nikirudi kutoka farmasi. Mkono unakumbuka. Kilima cha mbali na upepo wa usoni, najua pembe yake. Upepo wa nyuma, naijua. Nimenunua kibodi nyingine yenye namba upande wa kulia, kama ile ya Papa, kwa sababu Donat alizoea namba za kulia. Nataka akae raha. Nataka asikose kitu hata kimoja.

Halafu nimewaza umeme. Ukikatika kweli katikati ya mchezo, nimekwisha. Atacheka mpaka Krismasi. Kwa hiyo televisheni na kompyuta nitazipachika kwenye betri ya zamani ya farmasi, iwe chini ya meza, ifunikwe na kitenge.

Hapo ndipo wazo lenyewe likaja. Nilikuwa nafagia, nikasimama na ufagio mkononi.

Nimwachie plagi.

Nitachukua ralonge moja, waya mrefu wa umeme. Plagi yake ukutani, nyuma ya kiti chake, palepale ilipokuwa Kambove. Kebo ipite chini ya meza, iende nyuma ya televisheni, iishie hapo. Isiunganishwe na chochote. Kebo mfu. Mimi nicheze vizuri tu. Nimfikishe mahali ambapo anashindwa na watu wote wanatazama. Mengine atayafanya mwenyewe.

Kumshinda tu hakutoshi. Atasema alinihurumia. Nataka mguu wake umsaliti.

Nimecheka peke yangu. Kitambo sijacheka vile.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua. Donat amempigia Mama kusema njia ya Kilwa imekuwa matope matupu, malori yamezama, pengine hatafika. Mama amenieleza kwa sauti ya huruma, akidhani nasikitikia yaya.

Nimesikitika kweli. Nimeshindwa kula. Nimekaa nikitazama ile kebo mfu ukutani, nimeshaipachika tangu Jumapili, kila siku naipita. Kama hatakuja nitaenda mwenyewe Kilwa na mashine kichwani. Nimemwambia Floribert hivyo. Amesema: "Béa, unaniogopesha sasa." Nami najiogopa kidogo. Lakini siachi.

Jumatano, 3 Desemba

Mama amefika kutoka Kambove, atakaa mpaka misa ipite. Kaleta munkoyo, kinywaji chake cha mahindi, na unga wake mwenyewe, wangu hauamini. Na kaleta habari: Donat amepata gari, anakuja. Anakuja na binti yake.

Binti yake anaitwa Béatrice. Ni jina langu. Donat alimpa mwenyewe alipozaliwa, na nilipopata habari nilidhani ni utani mwingine. Kwetu aliyepewa jina lako ni wewe mwenyewe. Unamwita majina, yaani wajina, naye anakuita majina. Ukimpa, umejipa, na ukimtukana ni wewe unayetukanwa. Nilimtumia kitenge kwa mkono wa mtu. Kilwa sikwenda. Sikutaka kukanyaga kwa Donat. Tumeonana kwenye matanga tu, na siku ile sikuona mtu.

Mama ameiona mashine. Amesimama mbele ya vilima kwa muda, mikono nyuma. Halafu akasema: "Achana na ile kintu, mama. Papa yako amekufa." Nimemwambia ni mchezo tu wa watoto kufurahi. Ameniangalia. Mama hadanganyiki.

Alhamisi, 11 Desemba

Amefika. Hata geti sijafungua, nasikia: "Zéro! Fungula, tumekufa na njaa!" Majirani wote wamesikia. Nimefungua, nimetabasamu, nimesema karibu yaya. Meno yameniuma kwa kutabasamu.

Amenenepa. Nywele zimeondoka. Sauti ni ileile. Kabeba samaki wa ziwa waliokauka, kikapu kizima, ni lazima niseme ni samaki wazuri.

Halafu akageuka kwenye gari akaita: "Zéro Kidogo, shusha samaki."

Akashuka msichana mrefu, amemaliza shule mwaka huu. Ana paji la uso la Papa, lilelile, kama limekatwa na kubandikwa. Akasema: "Ndiyo, Papa." Akachukua kikapu. Hakukunja uso. Ameitika kama mtu anayeitwa kwa jina lake la ubatizo.

Nilikuwa nimeshika beseni la maji ya kunawa. Nimebaki nimelishika. Nilidhani jina hilo nitazikwa nalo, liishe. Kumbe limeshazaa.

Ijumaa, 12 Desemba

Mbwa. Niandike tena: mbwa.

Asubuhi ameiona mashine. "Iko nini hii? Mizinga? Ya Papa?" Akainama, akagusa namba za kulia moja moja. Kwa kitambo alikuwa mtu mwingine, hata nikasahau kumchukia, kidogo tu. Nikamwambia kesho baada ya misa tutacheza, wote wanataka kuona. Mama alikuwa kwenye kiti chake anachambua mchele.

Donat akajinyoosha. Akacheka. "Miye sichezake na batoto tena. Majina yako atacheza na weye. Béa na Béa, ni muntu mumoja, hapana? Mwenye atashindwa, iko Zéro. Mwenye atashinda, iko Zéro vilevile."

Kaka zangu wakaangua kicheko. Hata Floribert mdomo ulimcheza, nitamkumbusha siku moja. Mimi nikabaki wima. Mwezi mzima nimefuga mtego, na ameupita kwa kichekesho. Nikimpiga binti, nimejipiga. Nikipigwa, ndio kabisa.

Mchana nimemkuta majina wangu peke yake nyuma ya nyumba, anatoa magamba ya samaki. Nikakaa. Nikamuuliza kama lile jina halimuudhi.

"Nilishakuzobelea, majina," akasema, kwamba ameshazoea. Halafu, baada ya samaki wawili watatu: "Ku masomo nilikuwa na points za muzuri. Lakini nikinyoosha mukono, bote banacheka mbele nijaanza kusema."

Kabla hajaanza kusema. Nilijua anachosema mpaka kwenye mifupa. Nikamwambia anawe mikono.

Nimemfunza Mizinga. Ana kitu ambacho mimi sina: hana haraka. Anatazama upepo, anawaza, ndipo anaandika. Mimi naandika kwanza ndipo najuta. Kufikia jioni alikuwa ananipiga, anaomba samahani kila akinipiga. Nimemwambia aache kuomba samahani.

Na hapo nikagundua kwamba Donat amejifunga mwenyewe. Ni yeye aliyesema mimi na binti huyu ni mtu mmoja. Amesema mbele ya Mama.

Jumamosi, 13 Desemba

Misa. Makaburini. Mvua kidogo. Kisha hapa, watu wamejaa sebuleni mpaka barazani, bukari, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Donat. Mawingu yalikuwa mazito, nikawasha taa ya dari ingawa ni mchana. Sikuipanga hiyo taa. Mungu mwenyewe ameipanga.

Walipomaliza kula, nikawasha Mizinga. Nikasema, kwa heshima zote: "Yaya, jana ulisema miye na huyu tuko muntu mumoja. Basi ule muntu mumoja anakungojea." Nikakaa kwenye benchi, majina wangu pembeni yangu, bega kwa bega. Watu wakashangilia. Donat akamtazama Mama. Mama alikuwa anatazama vidole vyake. Angekataa vipi? Akakaa kwenye kiti chake. Kiti cha ukutani.

Alianza kunguruma kama zamani. Kombora la kwanza alitupiga. La pili pia. "Zéro mbili, zote sifuri!" Kicheko, makofi. Yeye bado anajua, sitasema uongo. Mara moja niliona aibu ya kesho ikinijia mzima mzima, watoto wakiimba barabarani.

Nikaiacha kibodi kwa majina. Nikajizuia hata kumnong'oneza. Akatazama upepo. Akaandika. Mluzi, mlio. Akapiga. Donat akakosa. Akapiga tena. Watu wa barazani wakaanza kusogea mlangoni. Donat akalegeza tai. Akakosa tena kwa unywele, akalaumu kibodi, akalaumu macho. Tukalingana. Tukatangulia. Likabaki kombora moja, na zamu ilikuwa yetu.

Nilikuwa sitazami skrini tena. Nilikuwa natazama soksi yake. Viatu alivua mlangoni kwa sababu ya matope. Soksi ya kahawia, kisigino kimetoboka kidogo.

Majina akaandika pembe. Akaandika nguvu. Akabonyeza. Kombora likapanda, mluzi ukaanza.

Mguu ukarudi nyuma, chini ya kiti. Ukatafuta. Ukakuta kebo, ukaizungusha kwenye kidole, ukavuta. Plagi ikaanguka kwenye sakafu, tak. Na Donat, bila kuangalia skrini, bila kuangalia taa inayowaka juu ya kichwa chake, akasema: "Courant imekatika."

Mluzi ukaendelea. Ulishuka polepole, kama nilivyouweka. Kombora likatua juu ya mzinga wake. Mlio.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimengoja kicheko, na hakikuja. Yeye akatazama skrini, akatazama taa, halafu akatazama mguu wake, bado kebo imeuzunguka. Uso ulimwanguka. Majina alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili. Amemwona baba yake. Hilo sikuliwaza. Mwezi mzima niliwaza kila kitu, hata namba za kulia, na hilo sikuliwaza.

Mama akainuka. Akaokota plagi sakafuni, akaishika kwenye kiganja, akaigeuza. Akasema, si kwa nguvu: "Siku ile mu Kambove, frigo ilikuwa inalia."

Kisha akaenda jikoni.

Jumapili, 14 Desemba

Alijua. Mama alijua.

Sikwenda misa. Nimempata akichemsha maji. Nimemuuliza moja kwa moja. Hakukana. Siku ile alikuwa jikoni, mgongo wake umegusa frigo, inatetemeka. Alinisikia nikipiga kelele. Alinyamaza.

"Donat alikuwa yatima mu nyumba yangu," akasema. "Mutoto ya kaka ya bwana yangu. Ningemuaibisha mbele ya bantu, bangesema namutesa juu haiko wangu. Weye ulikuwa wangu. Nilikuona utavumilia."

Nimevumilia. Ndiyo, Mama, nimevumilia sana. Nimemwambia maneno ambayo sitayaandika. Amenimiminia chai. Nimeiacha ikapoa, halafu nimeinywa hivyohivyo.

Nilikuwa nimeiweka hasira yote kwenye kiti kimoja. Sasa imehama, na sijui niiweke wapi. Mama ni mzee. Nani anaweza kulipiza kisasi kwa mtu anayekuchambulia mchele?

Donat ameondoka leo bila kifungua kinywa. Aliaga kaka zangu, akamuaga Mama kwa magoti. Mimi alinipa mkono, hakunitazama. Hakuniita kitu, si Zéro, si Béa. Majina alinikumbatia kwa haraka. Akaniuliza sikioni: "Ulijua atavuta?" Nikasema ndiyo. Akaniachia. Akaingia garini, akakaa nyuma ya baba yake.

Nimemshinda. Niandike tena ili nione kama linafanana na kitu: nimemshinda. Sijutii. Angepata nafasi angevuta tena. Lakini yule mtoto alivyoniachia, hilo linaniuma.

Jumanne, 16 Desemba

Kaka yangu mkubwa amepiga simu ya mambo ya kaburi, kama tujenge sasa au tungoje mvua iishe. Nikasema tungoje, udongo bado unashuka. Akasema sawa. Hivyo tu: sawa. Nilingoja kicheko, nikakikosa. Nimekaa na simu mkononi kama mjinga.

Mama bado yuko hapa. Tunaongea mambo ya chumvi na sabuni.

Jumapili, 21 Desemba

Mvua imenyesha asubuhi yote. Mahindi yamenyooka. Nimerudi na Mama kutoka kanisani chini ya mwavuli mmoja, akanishika mkono penye matope.

Mchana umeingia ujumbe kutoka Kilwa. Majina. Tangu aondoke hakuniandikia. Amesema walifika salama, njiani walilala garini. Amesema jana kwenye bandari, mwenye mtumbwi mmoja alimwita Zéro Kidogo kama kawaida. Baba yake alikuwa anapima samaki. Hakuinua hata kichwa. Akasema: "Anaitwa Béatrice."

Ni hayo tu aliyoandika. Na mwishoni: utanipigia, majina?

Nimesoma tena. Nikamsomea Mama kwa sauti. Mama akasema "eh," akaendelea kuchambua sombe.

Sijamsamehe Donat. Labda sitamsamehe. Nimeingia sebuleni, nikapiga magoti nyuma ya kile kiti, nikaikusanya ile kebo sakafuni. Haina kazi tena. Halafu nikakaa kwenye benchi, nikapiga namba ya Kilwa.